Mkaidi Bado Anatembea

9 Februari

Mdogo wangu, Mama Panya,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, ukiniacha mimi.

Nimeamua mambo haya tuyaongee kwa barua. Kwenye simu ukisikia sauti yangu imechoka unaanza kulia, ukilia mimi nakasirika, mwisho tunakata simu hatujaambiana kitu. Simu tuiachie salamu na umbea. Mambo ya mwili wangu nitakuandikia, na wewe utanijibu ukiwa umeshajifuta machozi.

Basi lile gonjwa limepata jina, refu la Kizungu, ulimi wangu haulitaki. Daktari wa neva alinigonga magoti kwa kinyundo, akanikwaruza nyayo, akaniambia nitembee kwenye mstari ulionyooka, nikatembea kama mlevi na sijaonja kitu. Kisha wakaniingiza kwenye lile bomba linalogonga kama mafundi bati. Picha zilipotoka akanionyesha madoa meupe kichwani na mgongoni. Akasema askari wa mwili wangu mwenyewe wanazivua neva zangu nguo. Neno nguo ni langu, yeye alisema ala. Nikamuuliza kwa nini wananifanyia hivyo, akasema hawajui. Nikamuuliza mwisho wake nini, akasema kila mgonjwa na njia yake. Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia.

Mguu wa kulia unachelewa. Nauambia twende, wenyewe unakuja baadaye. Ncha za vidole zina ganzi. Juzi saluni mteja niliyemsuka alijiangalia kwenye kioo akaniuliza kama njia za kichwani mwake nimezipinda makusudi. Nikamwambia ndiyo, ni mtindo mpya. Akafurahi, akaniletea na rafiki yake.

Wewe unashinda na panya wenye ugonjwa wa aina hii. Umenieleza kazi yako mara nyingi na sikuwahi kukusikiliza, nilikuwa nawaza harufu tu. Sasa nasikiliza. Niambie kwa maneno ya saluni, ni nini hasa kinachonila?

Shemeji yako anakusalimu. Anaweka vigae kwenye jengo jipya la ghorofa, anarudi magoti yamekwisha. Nyumba hii sasa ni wagonjwa wa magoti watupu.

Dada yako

2 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za maabara nikiwa bado na glovu mkononi. Nililia, nisikufiche, halafu nikajifuta kama ulivyoagiza.

Neva ni kama waya wa pasi. Ndani kuna uzi unaopitisha habari, nje kuna ala ya mafuta inayoulinda na kuiharakisha ile habari. Askari wako wamekosea adui, wanaikwangua ala. Zamani watu walidhani ala ikishavuliwa basi mchezo umekwisha. Kumbe sivyo. Uzi ukiwa mzima, hata ukiwa uchi, habari inapita kwa kuchechemea, kama mguu wako unavyokuja kwa kuchelewa. Anayeshindwa kabisa kutembea ni yule ambaye uzi wenyewe umekatika. Kwa hiyo mkuu wetu wa maabara hahangaiki sana na anayevua ala. Anamtafuta anayekata uzi.

Mshukiwa tunaye. Kati ya askari wa mwili kuna wauaji, ambao kazi yao halali ni kuua chembe zilizoingiwa na kirusi. Hao hubeba molekuli inayoitwa perforini, sisi humu ndani tunaiita kitoboaji. Wakiifikia chembe wanaitema, inafungua tundu, chembe inakufa. Tunashuku kitoboaji hicho hicho ndicho kinachoharibu nyuzi za neva. Tuna koo mbili za panya: wa kawaida, na waliozaliwa bila kitoboaji. Wote tunawaambukiza kirusi kile kile na wote ala zao zinavuliwa. Kisha tunangoja kuona nani atabaki anatembea.

Kazi yangu mimi ni kuwapandisha kwenye fimbo inayozunguka na kuwapa alama: nani anashika, nani anaburuta mguu, nani anadondoka. Sijui yupi ni wa ukoo upi. Vizimba vina namba tu, na maana ya namba anayo Mtakwimu wetu, kaifungia kabatini. Ndiyo sheria ya kazi hii. Anayetoa alama hatakiwi kujua, maana ukijua, macho yanaanza kupendelea.

Kuna sheria nyingine ambayo haikuandikwa popote, kwamba usimpe panya jina. Hiyo nimeivunja. Yupo mmoja, sikio la kushoto limekatika kidogo, wenzake wengi wa rika lake wameanza kuburuta miguu ya nyuma na yeye anapanda fimbo anazunguka nayo hadi namtoa mimi. Nimempa jina Mkaidi. Siruhusiwi kukisia, lakini kwako nitakisia: naamini huyu ni wa ukoo usio na kitoboaji. Ala hana, uzi anao, na anatembea.

Daktari amesema nini kuhusu dawa?

Mdogo wako

28 Machi

Mama Panya,

Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Kwa mara ya kwanza tangu bomba lile, nimelala vizuri.

Wateja wangu wote sasa wanamjua Mkaidi. Nikiwa nasuka nawasimulia, na yule wa mtindo wa njia zilizopinda anauliza kila akija kama bado anatembea. Nilikuwa nachukia panya tangu utotoni, unakumbuka nilivyopanda juu ya meza na kukuacha wewe chini mdogo hivyo. Leo namwombea panya. Mambo yamefika pabaya.

Mimi niko vizuri. Jana nilitembea hadi sokoni na kurudi, shemeji yako alibaki nyuma akilalamika. Saluni inaendelea, nasimama kutwa. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Daktari ametaja dripu moja, unakaa kwenye kiti nusu siku inaingia taratibu, inawapunguza askari. Nimemwambia nitafikiria. Kliniki nilikaa karibu na mama mmoja aliyewekewa, akapata homa ya mapafu, akalazwa. Aliniambia askari wakipungua, kila mdudu anakuona wewe ni mlango wazi. Nikawaza, kama ninyi mko mbioni kukiondoa kitoboaji peke yake, ya nini mimi kufukuza jeshi zima?

Usisahau, kila barua niambie habari za Mkaidi kwanza. Salamu zifuate.

Dada yako

20 Aprili

Dada, shikamoo.

Habari za Mkaidi kwanza, kama ulivyoamuru. Anatembea. Mwenzake wa kizimba hawezi tena, nyuma kumekufa, nampelekea chakula mdomoni. Mkaidi anampanda mgongoni kufikia maji, hana adabu hata kidogo.

Nimechoka, Dada. Tumefika ule mwezi ambao wanyama wengi wanaharibika, na mimi ndiye ninayekaa mbele yao nikiandika sifuri. Nikirudi chumbani naoga, nanuka vile vile. Mwenye nyumba amenipa kiti changu mwenyewe cha kukaa jikoni, nadhani kwa ajili hiyo.

Kuhusu dripu, kumbuka panya ni panya. Sisi tunatafuta, bado hatujapata, na kati ya kupata na dawa kuna barabara ndefu. Muulize daktari vizuri. Nafurahi unasimama na soko unalifika.

Mdogo wako

17 Mei

Mama Panya,

Umeandika kwa kuogopaogopa kama karani wa serikali. Nakujua. Hutaki kuniahidi kitu hadi mkuu wako aseme. Lakini nakusoma hata usipoandika, na nimeona kwamba Mkaidi anatembea, na hajawekewa dripu yoyote.

Nimewaomba kliniki wanisubiri kidogo. Daktari amenuna. Amesema nafasi ipo sasa na kila shambulio jipya linachukua chake na halirudishi. Nikamwambia mdogo wangu yuko ndani ya maabara yenyewe, kazi hii anaiona kwa macho yake. Akafunga faili langu. Sijui kama alilifunga kwa heshima au kwa kuchoka nami.

Nikuambie kitu na usinicheke. Asubuhi kabla sijashusha miguu kitandani, namuwaza huyo panya wako. Najiambia, kama yeye kashika fimbo inayozunguka, mimi nashindwaje sakafu iliyotulia? Halafu nashuka. Wewe hujui umenipa nini.

Saluni ni ile ile, wateja ni wale wale. Mkaidi je?

Dada yako

6 Juni

Dada, shikamoo.

Mkaidi bado anatembea.

Samahani barua ni fupi. Tuna kazi nyingi ya kukata na kupaka rangi vipande, macho yanauma. Mvua hainyeshi, joto limezidi, mashine ya baridi imekufa na fundi wake kila siku yuko njiani.

Tafadhali zungumza tena na daktari kuhusu dripu. Usisubiri sana.

Mdogo wako

11 Julai

Kwa shemeji yangu,

Salaam. Mimi ni mume wa dada yako. Si mwandishi, utanisamehe. Yeye hajui kama nakuandikia, na leo nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha magoti.

Shemeji, saluni imefungwa tangu Machi. Haendi sokoni. Alidondoka mbele ya mteja akiwa na chanuo mkononi, akacheka, akasema sakafu ina maji. Haikuwa na maji, vigae vile niliviweka mimi na nilivipangusa mimi. Baada ya hapo aliwaambia watu anapumzika. Kwako anaandika kwamba anasimama kutwa. Ananisomea barua zake kwa sauti kabla ya kuzifunga, na mimi nakaa kimya kwa sababu akizisoma anaonekana mzima.

Sasa anatoka chumbani hadi chooni kwa kushika ukuta. Nimemwekea bomba la kushikia kwenye korido, nimeng'oa vigae laini nimeweka vya kukwaruza. Wiki mbili zilizopita alipata shambulio jingine, mguu wa kulia ukakataa kabisa, na mkojo nao umeanza kumponyoka. Hilo la mkojo angekufa kuliko kukuambia, kwa hiyo usilitaje.

Dripu ameikataa mara mbili. Nimembembeleza, nimegomba, nimemleta mama yangu, ambaye naye aligomba. Anatujibu neno moja: Mkaidi hajawekewa dripu na anatembea, mdogo wangu anakuja na dawa ya kitoboaji, nisubirini. Barua yako ya mwezi wa sita ameiweka chini ya mto.

Mimi ni mtu wa vigae, mambo yenu siyajui. Nakuomba jibu la ndiyo au hapana. Hiyo dawa ipo au haipo? Kama ipo, sema lini, nitamshikilia hadi siku hiyo. Kama haipo, mwambie wewe. Mimi nikimwambia haniamini, anasema nimekata tamaa.

Shemeji yako

19 Julai

Dada,

Shikamoo. Shemeji ameniandikia. Usimgombeze, amenisaidia.

Haipo. Nimeanza na neno hilo ili usilitafute chini. Hakuna dawa ya kitoboaji. Hakuna mwaka uliopangwa. Kuna panya, vioo vya darubini na rangi, na mkuu wetu anayeandika maombi ya kuendelea.

Mkaidi amekufa. Siku niliyokuandikia mwezi wa sita kwamba bado anatembea, alikuwa ameshakufa wiki kadhaa. Jaribio lilikuwa na mwisho wake tangu mwanzo: siku ikifika, wote wanalazwa usingizi wasioamka, anayetembea na asiyetembea, maana nyuzi haziwezi kuhesabiwa mnyama akiwa hai. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza nilipokutajia jina lake, na sikukuambia. Ilipofika zamu yake nilimbeba mwenyewe. Nikautoa uti wa mgongo wake, nikaukata vipande, nikavipaka rangi. Kisha nikafika chumbani nikakuta barua yako inasema unamuwaza kabla ya kushusha miguu. Kalamu ikakataa. Niliandika uongo ule nikijiambia ni wa mwezi mmoja tu, nitafute maneno mazuri. Maneno mazuri sikuyapata.

Kuna la pili, na ni baya zaidi. Mwishoni mwa Juni Mtakwimu alifungua kabati. Nikaitafuta namba ya Mkaidi kabla ya namba nyingine yoyote. Dada, hakuwa wa ukoo niliodhani. Alikuwa panya wa kawaida, na kitoboaji alikuwa nacho kama wenzake wote waliopooza. Ala zake zilikuwa zimevuliwa vibaya, nyuzi zake nzima karibu zote, na hakuna anayejua kwa nini. Mkuu aliangalia kioo, akasema wapo wa hivyo, akaendelea na kioo kingine.

Jaribio lenyewe halikushindwa. Wasio na kitoboaji walivuliwa ala sawa na wengine, lakini nyuzi zao nyingi zilibaki na wengi wao walitembea hadi mwisho. Mkuu amefurahi sana. Ila baadhi ya hao hao wasio na kitoboaji walizidiwa na kirusi chenyewe, kwa sababu yule muuaji tunayemlaumu ndiye pia anayekilinda kichwa. Huwezi kumnyang'anya mtu kitoboaji hivi hivi na kumrudisha nyumbani. Labda siku moja watu watajua kukizuia mahali fulani, kwa muda fulani. Mimi na wewe tusiisubiri siku hiyo.

Nilikupa panya mmoja niliyempenda kwa macho, nikamfanya ushahidi. Ndicho kitu pekee ninacholipwa kutokifanya.

Dripu haina uzuri wa hadithi yetu. Inapunguza askari wengi, wenye hatia na wasio na hatia, na homa za mapafu zipo, yule mama hakukudanganya. Watakupima damu, watakuangalia. Lakini ipo, na inapunguza mashambulio, na kila shambulio likikosa kuja kuna nyuzi zinabaki. Nyuzi zilizokatika haziungwi. Nakuomba uende wiki hii. Usiende kwa ajili yangu. Nenda kwa ajili ya ule mguu mwingine.

Nimeomba ruhusa nije. Nijibu tu.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako mara moja, nikampa shemeji yako aisome kwa sauti, nikidhani labda nimeisoma vibaya. Akaisoma polepole, kila neno likiwa pale pale. Nikaikunja nikaiweka chini ya mto, pamoja na ile ya mwezi wa sita. Kesho yake nikamwambia anipeleke.

Nimewekewa. Nusu siku kwenye kiti cha plastiki, sindano mkononi, mwili ukiwasha, muuguzi akinipima homa kila nikisinzia. Hakuna lililotokea. Nilitegemea nihisi kitu na sikuhisi chochote isipokuwa baridi.

Kabla ya hapo walinirudisha kwenye bomba. Daktari aliweka picha mpya karibu na za zamani. Mguu wa kulia aliuzungumzia kama watu wanavyozungumzia marehemu, kwa sauti ya chini na heshima nyingi. Hautarudi. Kilichobaki ni kuulinda wa kushoto na mikono. Nikamuuliza, ningekuja mwezi wa nne ingekuwaje? Akasema hakuna awezaye kujua. Yule ni muungwana. Mimi na wewe hatuna haja ya uungwana huo.

Najua na mimi nilikudanganya. Saluni, soko, kusimama kutwa, vyote ni uongo mtupu, na niliuandika kwa raha zote. Nilitaka kuwe na mahali pamoja duniani ambapo bado natembea, nikapaweka kwenye barua zako. Kwa hiyo wote wawili tumeudanganya mguu mmoja. Lakini mguu ulikuwa wangu. Nimejaribu kuligawa kosa hili katikati na halikai katikati. Wewe ndiye uliyekuwa unajua.

Wala usiseme ulikuwa unanionea huruma. Nilipokuwa nakufundisha kusuka ukiwa mdogo, ukikosea sikukuambia umepatia. Nilifumua. Ulilia, nikafumua, ukarudia. Ungenifumulia na mimi.

Usije. Ruhusa yako irudishe. Nikikuona sasa hivi nitatamka maneno ambayo baadaye hakuna atakayeyafuta, na sina nguvu ya kuyabeba mimi wala ya kukuangalia ukiyabeba. Kama unataka kuniandikia, niandikie kitu ulichokiona siku hiyo kwa macho yako. Kama hukukiona, usiandike.

Nitakuita.

Dada yako

22 Septemba

Dada, shikamoo.

Nilichokiona leo.

Nimemwomba mkuu anitoe kwenye kutoa alama. Nilimweleza sababu, yote. Hakunifukuza. Alivua miwani akaisugua muda mrefu, akasema alama zangu zitarudiwa na mtu mwingine kwenye video, kila panya, tangu mwanzo. Itachukua miezi. Yule dada anayezirudia hanisalimii vizuri, na ana haki.

Sasa nakaa kwenye darubini nahesabu nyuzi. Zinaonekana kama vipete, ala ni duara jeusi na uzi ni weupe wa katikati. Pale ala ilipovuliwa unaona weupe mtupu. Pale uzi ulipokufa unaona shimo. Leo nimehesabu mashimo hadi saa ya kufunga.

Sikuona kingine. Ruhusa nimeirudisha.

Mdogo wako

14 Novemba

Mdogo wangu,

Nimemaliza dripu ya pili. Nilipata kikohozi, wakanilaza siku chache, kikaisha. Mguu wa kushoto uko pale pale ulipokuwa mwezi wa nane. Daktari anasema kubaki pale pale ndio ushindi wenyewe. Nilizoea kuita ushindi mambo makubwa kuliko hayo, lakini nimekubali.

Saluni nimeifungua kwa mlango wa nyuma. Shemeji yako amekata miguu ya kiti cha wateja ili wakae chini yangu, mimi niko kwenye hiki changu cha magurudumu. Kichwa kinakuja hadi mapajani. Vidole vinafanya kazi asubuhi, mchana vinagoma, basi nafunga. Nasuka polepole sana na wateja wengine wamehama. Yule wa njia zilizopinda hakuhama. Aliniuliza habari za Mkaidi, nikamwambia amekufa siku nyingi. Akasema pole, kama mtu anayempa pole mfiwa, na mimi nikaipokea.

Barua yako ya mashimo niliisoma. Niliisoma vizuri. Ni barua ya kwanza kutoka kwako mwaka huu ambayo sikuhitaji kuikisia.

Kila jioni shemeji yako ananiuliza kama hasira imeisha, kama vile anauliza maji yamechemka. Namwambia bado. Nilikuwa na nia ya kuingoja iishe ndipo nikuite, tukutane tukiwa safi, tukae tuongee kama zamani. Nimengoja miezi. Halafu juzi nimeamka, mkono wa kushoto umechelewa kidogo kufungua vidole. Kidogo tu. Mchana ukawa sawa, na daktari anasema huenda ni uchovu. Lakini nilikaa kitandani nikauangalia mkono ule nikafikiri kwamba naweza kukaa hapa naingoja hasira yangu iishe, huku mwili unaendelea na mambo yake bila kuningoja, na wewe uko huko unahesabu nyuzi za panya.

Hasira haijaisha. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako